Ungo Nilioufuta

Niliapa kwamba sikuona kitu, na nilikuwa nimekiona. Hilo ndilo kosa. Mengine yote ni maelezo.

Naitwa Obadia Tweve. Nina miaka hamsini na mbili, nachomelea mageti na trela za matrekta njia panda ya Ihanga, uwanda wa Kitulo. Shule niliacha darasa la sita. Mambo ya nyota nimejifunza mwenyewe, kwa kununua vifaa vibovu na kuvitengeneza. Kwa miaka ishirini na miwili nimepiga picha za nebula, yaani mawingu ya gesi yanayoelea kati ya nyota, na katika miaka yote hiyo nimemfundisha mtu mmoja tu. Ni Yusta Sanga, mdogo wa mke wangu, muuguzi wa zahanati yetu. Uongo wangu ulimwangukia yeye.

Alikuja karakana saa nne asubuhi, mwezi wa saba, barafu ndiyo kwanza inayeyuka kwenye nyasi. Nilikuwa chini ya trela. Akasimama pembeni mpaka nilipozima mashine.

“Kamwene, shemeji. Vua hilo kopo la uso.”

“Nina kazi.”

“Trela hiyo iko hapa tangu Pasaka. Mwenyewe ameshazoea kubeba viazi kichwani.”

Nikavua. Alikuwa bado na sare ya zamu, macho mekundu, kompyuta yake kaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Akaifungua juu ya pipa la oili.

Ilikuwa picha ya mkia wa Nge, lile kundi la nyota, kwa rangi ya oksijeni peke yake. Eneo hilo nalijua kama ninavyojua meno yangu. Juu kulikuwa na nebula ndogo ambayo kila mpiga picha anayo. Chini yake, mahali ambapo pamekuwa patupu siku zote, palipita mstari mwembamba uliopinda, kama ukingo wa ungo ulioegemezwa ukutani. Ulitoka upande mmoja wa picha na kukaribia kufika upande wa pili.

Nikainama karibu na kioo cha kompyuta.

“Nimetafuta kwenye orodha zote,” Yusta alisema. “Haumo. Hakuna aliyewahi kuupiga. Nimekusanya saa mia moja themanini na nane, shemeji.”

“Umesawazisha?”

Akacheka. “Ndiyo ninachotaka kukwambia. Nilitoka zamu ya usiku, nikakaa kuitengeneza huku nasinzia, nikaruka ile hatua yako. Nilipoamka ndiyo nikauona. Nikasema huu ni uchafu, ngoja nisawazishe. Nikasawazisha, ukapotea. Nikarudisha, ukarudi.”

Ningeweza kuvumilia kama angeupata kwa akili. Alikuwa ameupata kwa usingizi.

Nieleze kidogo hapa. Filta zetu ni nyembamba, maana yake kila moja inapitisha rangi moja tu na kuzuia nyingine zote. Ya haidrojeni inapitisha wekundu fulani, ya salfa wekundu mzito zaidi, na ya oksijeni kijani kinachoelekea bluu. Unapiga fremu za dakika kumi kumi, usiku baada ya usiku, kisha unazirundika mamia kwa pamoja ili kelele za kamera zizimike na mwanga dhaifu ubaki. Bila filta hizo, anga la Kitulo ya sasa halipigwi picha kabisa, kwa sababu ya Vioo.

Vioo viko mia tatu na kumi huko juu, kila kimoja kipana kuliko shamba la viazi. Huu ni mwaka wa kumi na moja wa kazi yao. Jua likizama, vinageuka na kutumwagia mwanga wake kwa saa mbili, na vinafanya hivyo tena alfajiri. Viazi vimeongezeka, hilo sibishi. Lakini ng'ombe wanalala vibaya, na mama mkwe wangu hulala na kanga usoni. Hata vikiwa vimegeukia kwingine usiku wa manane, mwanga kidogo huvuja kutoka upande wa bonde, na kwenye picha unaonekana kama mteremko, upande mmoja mweupe na mwingine mweusi. Programu ya Sawazisha ndiyo inayoondoa mteremko huo. Unaweka nukta pale unapoamini hakuna kitu, yenyewe inapima mwanga wa nukta hizo na kuutoa kwenye picha nzima.

Kuanzia tarehe moja mwezi wa tisa, Vioo vilikuwa vinaingia Awamu ya Pili: mwanga usiku kucha, uwanda wote. Kulikuwa na njia moja tu ya kupona. Sheria ya Vioo inasema raia akigundua kitu kipya angani kutoka eneo lake, na shahidi akakithibitisha kwa kamera nyingine, eneo hilo linapewa Dirisha. Usiku tatu kila mwezi, Vioo vyote vinageuzwa pembeni, kwa miaka kumi.

Yusta alijua hayo kama mimi. Ndiyo maana hakuwa amerudi kulala.

“Shahidi lazima awe ndani ya kilomita hamsini,” alisema. “Kamera yake iwe na muhuri. Awe na saa arobaini za oksijeni pale pale. Unamjua mtu kama huyo?”

“Acha utani.”

“Jina lako litakuwa chini ya langu. Nimeshaandika. Mgunduzi, Yusta Sanga. Shahidi, Obadia Tweve. Nimependekeza uitwe Ungo wa Kitulo. Unaonaje?”

Chini ya langu. Alisema kwa upendo, na mimi nililisikia hilo neno moja tu.

“Niachie,” nikamwambia. “Nitaangalia fremu zangu.”

“Ungewahi, shemeji. Mama ameanza kutangaza kanisani kwamba atalala.”

Alipoondoka sikurudi chini ya trela. Nilifunga mlango wa karakana mchana kweupe, nikaenda nyumba ya nyuma ninakoweka diski zangu.

Nilikuwa na saa sitini na tatu za oksijeni kwenye mkia wa Nge. Nilizipiga miaka miwili kabla ya Yusta. Picha iliyotokana nazo imetundikwa sebuleni kwangu, kwenye fremu ya chuma niliyoichomelea mwenyewe, na chini ya ile nebula ndogo pana weusi safi ambao nilikuwa naujivunia. Wageni walikuwa wanauliza ninapataje weusi kama ule.

Nikazirundika fremu upya. Ilichukua kama saa moja na nusu. Mke wangu, Melania, aliniletea ugali na mboga ya maboga, akaweka sahani juu ya kibodi ya zamani.

“Umeona alichopata Yusta?”

“Nimeona.”

“Si ndiyo pale pale ulipokuwa unapiga wewe? Mwaka ule ulioniacha na homa ukaenda kukaa na darubini?”

“Ndiyo pale.”

“Basi wewe hukukiona.” Hakusema kwa ubaya. Melania huwa anasema tu kilichopo. Akaondoka kwenda kuanua nguo.

Rundo lilipokamilika sikusawazisha. Nilivuta mwanga taratibu, mteremko ukatokea, mweupe upande wa bonde kama kawaida. Nikavuta tena. Ule mstari nao ukaja. Kushoto chini, dhaifu kuliko wa Yusta kwa kuwa saa zangu ni chache, lakini mviringo ule ule, unapita katikati ya nyota zile zile mbili. Nikautazama mpaka ugali ukapoa.

Programu huwa inatunza kumbukumbu ya kila ulichofanya. Nikafungua ya miaka miwili iliyopita. Nilikuwa nimeweka nukta sitini. Tisa kati yake zilikaa juu ya Ungo. Nilikuwa nimeiambia mashine mara tisa kwamba hapa hakuna kitu, nayo ikanitii, ikaukwangua wote, nikabaki na weusi wangu mzuri wa kutundika ukutani.

Mtu aliyeshindwa na mwenzake anaweza kunywa maji akalala. Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa nacho mkononi miaka miwili kabla, nikakifuta kwa ufundi, tena ufundi niliomfundisha yeye, na yeye akakipata kwa kusahau somo langu. Nilitamani picha yake iwe uchafu. Nilitamani hivyo mpaka nikaona kama inawezekana.

Ijumaa yake afisa wa Ofisi ya Madirisha alinipigia kwa video. Dada wa makamo, miwani imeshuka puani, sauti ya mtu aliyechoka kuuliza maswali yale yale.

“Bwana Tweve, unaelewa kwa nini tunahitaji shahidi?”

“Naelewa.”

“Nakusomea hata hivyo. Muhuri wa kamera unathibitisha kwamba picha haikutungwa na mashine, kwamba mwanga uliingia kweli. Hauthibitishi ulikotoka. Unaweza kuwa mng'ao wa ndani ya lenzi, au doa kwenye filta. Kamera ya pili ikiona kitu kile kile, basi kiko angani. Ukisema umeona, utatuma fremu zako. Ukisema hujaona, tunarekodi saa zako na tunafunga ombi. Uko chini ya kiapo. Una saa ngapi?”

“Sitini na tatu.”

“Za oksijeni?”

“Za oksijeni.”

“Hicho kitu kipo?”

Nilikuwa nimekaa sebuleni makusudi, picha yangu iko nyuma ya kichwa changu. “Kwenye picha yangu hakipo,” nikasema.

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeliandaa siku tatu. Nilifikiri litatosha, nitalala nalo.

Dada akashusha miwani zaidi. “Sijakuuliza picha, Bwana Tweve. Picha mtu anaitengeneza anavyotaka. Nauliza kwenye fremu zako umeona kitu hicho au hujaona.”

Angeniacha pale ningebaki na nusu uongo. Hakuniacha.

“Sijaona,” nikasema.

“Ahsante.” Akaandika. “Pole kwa mwombaji. Ni ndugu yako?”

“Shemeji.”

“Basi umekuwa mkweli kweli,” alisema, na simu ikakatika.

Kwa wiki tatu Yusta hakuja. Nilimwona mara mbili zahanati nikipita na pikipiki, akanipungia mkono kama kawaida. Nilijua amepata majibu. Nilimngoja aje anitukane, maana matusi ningeyajibu. Nilikuwa nimeyaandaa na majibu yenyewe.

Alikuja Jumapili baada ya ibada, bado na nguo za kanisani, kabeba darubini yake kwenye beseni la kufulia. Alikuwa ameifungua yote. Lenzi kazifunga kwa taulo, skrubu ziko kwenye kikopo cha dawa.

“Nisaidie kutafuta, shemeji.”

“Kutafuta nini?”

“Nilipokosea.” Akaweka beseni juu ya benchi, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja. “Umesema hujaona, basi haupo. Saa sitini na tatu si mchezo. Kama ungekuwepo wewe ungeuona kabla yangu. Kwa hiyo kuna kitu humu ndani kinanitengenezea ungo. Nikikipata nitapumzika.”

“Labda uache tu.”

“Siwezi. Mama ananiuliza kila siku kama nilimdanganya.” Akanyanyua lenzi juani, akafumba jicho moja. “Nimemwambia sikudanganya, nimekosea. Ananiambia kwake ni mamoja, mwanga unakuja.”

Tukatafuta. Nasema tukatafuta, kwa sababu nilishika tochi nikamulika mahali nilipojua hapana kitu. Tuliangalia lenzi, tukaangalia bomba kwa ndani. Tukaangalia fremu zake za shati, zile unazopiga kwa kufunika mdomo wa darubini kwa shati jeupe ili ujue vumbi limekaa wapi. Zilikuwa safi kuliko zangu. Alifanya kila kitu nilichomfundisha, na alikifanya vizuri zaidi. Na hata hilo, nikiwa nimeshika tochi ya uongo, lilinichoma.

“Imebaki filta,” alisema.

Filta yake ya oksijeni nilimpa mimi, miaka tisa iliyopita, niliponunua mpya. Ni ya zamani. Ngozi ile nyembamba inayochuja rangi ilishaanza kubanduka ukingoni, na siku ninampa nilimwambia asiiguse na kitu chenye maji, hata pumzi yake.

Akaigeuzageuza. “Hapa. Unaona? Kuna alama imepinda.”

Palikuwa na alama kweli. Ulikuwa ule ule ukingo uliokuwa ukibanduka, umekaa hivyo tangu siku nilipompa, mbali na njia ya mwanga.

“Naona,” nikasema.

Akatoa mfukoni pamba ya zahanati na kichupa cha spiriti. Alilowesha. Alinitazama, na nilielewa anachongoja. Mwalimu wake nipo hapa. Kama ni kosa, nitamwambia.

Nilikuwa na muda. Watu husema mambo kama haya hutokea ghafla, si kweli. Alishika filta kwa vidole viwili, akapulizia vumbi, akaweka pamba ukingoni, ndipo akafuta. Nilikuwa na muda wa kusema neno mara tatu. Nilichokuwa nawaza ni kwamba bila filta hatapiga tena.

Ngozi ikatoka na pamba. Ilitoka kama ganda la kitunguu, kijani upande mmoja na zambarau upande mwingine. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kioo kama cha dirisha.

Yusta hakupiga kelele. Aliitazama pamba. “Ulisema nisiiloweshe,” alisema taratibu. “Nilisahau. Mimi ni msahaulifu sana.”

Hapo ndipo niliposhindwa.

“Weka chini,” nikamwambia. “Haukuwa kwenye filta. Upo.”

“Nini kipo?”

“Ungo. Upo angani. Ninao kwenye fremu zangu. Niliuona siku ile ile uliyoniletea.”

Akakaa kwenye kigoda changu cha kuchomelea. Kanga ya kanisani ikagusa mafuta, hakujali.

“Uliniona nimeifungua hii darubini yote,” alisema.

“Ndiyo.”

“Ukashika tochi.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

Ningeweza kutafuta maneno. “Kwa sababu ni wewe uliyeupata,” nikasema. “Angekuwa mtu wa mbali ningeshuhudia.”

Kisha akaanza kurudisha vitu kwenye beseni, lenzi kwenye taulo, skrubu kwenye kikopo. Kile kioo kitupu akakiweka juu ya benchi yangu.

“Wapigie,” alisema. “Sasa hivi. Nikiwa nasikia.”

Ilikuwa Jumapili, ofisi imefungwa, nikaacha ujumbe na Jumatatu asubuhi yule dada akanipigia. Yusta alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja kazini, akasimama mlangoni mwa karakana, hakuingia. Nilieleza kila kitu. Nilisema na lile la kwanza, la picha yangu hakipo, nilivyoliandaa.

Dada alivua miwani kabisa. “Fremu hizo bado unazo?”

“Ninazo. Naweza kuzituma sasa hivi.”

“Usinitumie.” Alisema bila hasira. “Umevunja kiapo, Bwana Tweve. Muhuri wako unafutwa leo. Fremu zilizosainiwa na muhuri uliofutwa ni picha tu kama nyingine, haziwezi kushuhudia kitu. Na kila ulichowahi kushuhudia kinafutwa pamoja nao.”

“Kitu chenyewe kipo. Nimekwambia ukweli.”

“Nakuamini. Fomu haina sehemu ya mimi kukuamini. Mwombaji atafute shahidi mwingine.”

“Ndani ya kilomita hamsini hakuna.”

“Asajili mpya.”

“Muhuri mpya unachukua muda gani?”

“Siku tisini.”

Ilikuwa tarehe tisa mwezi wa nane. Zilibaki siku ishirini na tatu.

Nikageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikamwahi barabarani, nikamwambia achukue filta yangu, achukue kamera, darubini, vyote. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa.

“Nitapigia wapi, Mzee Tweve?” alisema. “Giza lenyewe litakuwa wapi?”

Tarehe moja mwezi wa tisa Vioo viligeuka saa kumi na mbili na nusu jioni, na havikugeuka tena. Mama mkwe alitoka nje na kanga yake, akatazama juu, akarudi ndani. Ng'ombe wa jirani walilia mpaka asubuhi halisi.

Picha ya sebuleni nimeitoa. Msumari umebaki ukutani.

Hesabu ni hii. Usiku tatu kwa mwezi, kwa miezi mia na ishirini, ni usiku mia tatu na sitini, wa kila mtu anayeishi uwandani, na ng'ombe wao. Saa mia moja themanini na nane ni za Yusta. Sitini na tatu zilikuwa zangu. Picha kumi na moja nilizowahi kuwashuhudia watu watano, ambao wote walishauza vifaa na hawawezi kuzipiga tena, zimefutwa mihuri, na kila mmoja nimempelekea barua kumweleza sababu. Filta moja ya oksijeni, ambayo kioo chake bado kiko juu ya benchi, siwezi kukitupa wala hakina kazi. Muhuri mmoja. Ungo mmoja, ambao uko pale pale ulipo na haupo kwenye orodha yoyote.

Yusta huja nyumbani kumwona dada yake. Hunisalimia, huniuliza hali ya presha, akiniita Mzee Tweve. Mara ya mwisho kuniita shemeji ni Jumapili ile, kabla hajaitoa pamba mfukoni. Leo ni siku ya sitini na nne.